Mali bila daftari

Ndugu msikilizaji, kamwene! Hivyo ndivyo tunavyoamkiana sisi watu wa Iringa. Na kwa wenzangu wa Mbeya, mji unaonipa riziki, naongeza: ugonile.

Mara kwa mara wasikilizaji hunisimamisha pale Mwanjelwa na kuniuliza: "Mtangazaji, wewe unayetueleza mambo ya watu kila wiki, mwenyewe unasoma nini? Unatazama nini?" Leo nitajibu. Nitataja kitabu kimoja, filamu moja na muziki wa aina moja, vitu ambavyo vimenikaa moyoni siku hizi. Kisha nitaungama kosa langu, maana vyote vitatu vimenikumbusha kosa hilo.

Nianze na kitabu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Tulishangilia sana, ingawa wengi wetu tulikuwa hatujasoma hata ukurasa mmoja wa kazi zake, kwa kuwa anaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake iitwayo Paradise ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam iliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Dakta Ida Hadjivayanis. Piga hesabu mwenyewe: miaka 28. Ni habari za mtoto Yusuf, anayechukuliwa na tajiri mmoja akidhani ni ndugu wa babake, kumbe baba amemtoa kwa ajili ya deni. Yusuf anafuata msafara wa biashara mpaka bara, wakati Wajerumani nao wanaanza kuishika nchi. Nilipokuwa nikisoma niliona kana kwamba watu wale walikuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo, ila sisi ndio tuliochelewa kuwasikia.

Filamu niliyoipenda ni The Empty Grave, yaani kaburi tupu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2024. Waongozaji wake ni wawili: Cece Mlay, Mtanzania, na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Inafuata familia mbili za nchi hii zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa wakati wa Wajerumani. Familia moja ni ya Meru. Nyingine ni ya majirani zetu wa Songea, wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyeuawa mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji na ambaye kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Lakini msamaha ni neno, na familia ile ilikuwa ikitafuta kichwa. Katika filamu hakuna kelele wala risasi. Watu wanaingia ofisini, wanatoka, wanaandika barua, wanangoja. Nilitoka pale nikiwa nimenyamaza kabisa.

Sisi wa Iringa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, na fuvu lake likachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, lakini ilipita zaidi ya miaka 30. Gavana Twining ndiye aliyelifuata katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa pale Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Fuvu liko Kalenga hadi leo, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini. Kama wewe ni wa Iringa na hujawahi kwenda, usimwambie mtu.

Sasa muziki. Wengi mtadhani nitataja bongo fleva. Naipenda, lakini siku hizi simu yangu inapiga muziki wa mwaka 1950. Mwaka huo Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi nyimbo na ala za makabila mbalimbali, Wahehe wakiwamo. Kazi zake ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa miaka mingi, mtu wa Kihesa au Mlandege angetaka kuzisikia ingembidi apande ndege. Leo nyingi zimo kwenye mtandao wa intaneti, na bando la siku moja linatosha kuwasikia wazee ambao hata watoto wao wengi wameshazikwa.

Msikilizaji, umeshaona vitu hivi vinavyofanana. Riwaya imerudi katika lugha yetu baada ya miaka 28. Nyimbo zimerudi baada ya miaka zaidi ya 50. Fuvu la Mkwawa lilirudi baada ya miaka 56, na kichwa cha Songea Mbano, filamu ilipotoka, kilikuwa bado hakijapatikana. Ni rahisi kusema: wageni walichukua vyetu, na sasa wavirudishe. Ni kweli, na wavirudishe. Lakini je, vile tulivyobaki navyo wenyewe tumevitunza?

Hapa ndipo ninapoungama.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana, stashahada yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino, nikifanya kazi katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mwezi wa Juni ilitimia miaka 50 tangu fuvu lirudi. Nilikwenda Kalenga nikamrekodi babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu yangu mzaa baba. Mwaka 1954 alikuwa na umri wa miaka 12, na siku ile alikuwapo. Alizungumza upande mzima wa kaseti. Alieleza jinsi alivyomwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza maishani. Mwishoni akaimba wimbo ambao kina mama wa kwao waliuimba jioni ile waliporudi nyumbani. Tulirusha hewani dakika nne tu. Ile kaseti niliivunja vijino vyake viwili vya juu, kama tulivyofundishwa, ili mtu asirekodi juu yake, nikaiweka kabatini.

Mwezi wa Novemba mvua zilianza na matangazo ya mbolea yakaja kwa wingi. Kaseti tupu hazikuwapo. Bosi akasema tumia za zamani. Nilifungua kabati, nikaichukua ile ya babu, nikabandika selotepu juu ya vile vitundu viwili, nikarekodi tangazo la mbolea. Sikulazimishwa kuchagua ile. Ilikuwa ya juu tu. Nilijiambia kwamba babu yupo, nitakwenda tena.

Sikwenda. Babu alifariki mwaka 2009.

Nilipogundua zile nyimbo za mwaka 1950 kwenye mtandao, jambo la kwanza nililofanya, na naona aibu kulisema, ni kuutafuta wimbo wa babu humo. Nilikesha. Alfajiri ndipo akili iliponirudia: Tracey alipita mwaka 1950, na babu aliusikia wimbo ule mwaka 1954. Usingeweza kuwamo. Wa kuutunza nilikuwa mimi.

Mwezi uliopita nilipanda basi la asubuhi Mbeya, nikapita Makambako na Mafinga hadi Iringa, kisha Kalenga. Bibi, mke wa yule babu, bado yupo. Nilimwekea simu sikioni akasikiliza Wahehe wa mwaka 1950. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hao wanaimba vizuri, lakini huyo wa pili anaharakisha." Nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo ambao babu alikuwa akiuimba. Akanyamaza kidogo, akaanza kuimba. Alifika katikati akasimama. Akarudia tangu mwanzo, akasimama palepale. "Hapo mbele alikuwa akipajua yeye," akasema.

Nusu hiyo ninayo. Iko kwenye simu yangu, kwenye kompyuta ya nyumbani, na kwa binamu yangu aliyeko Iringa. Nusu nyingine iko chini ya tangazo la mbolea.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Simu uliyonayo mfukoni inarekodi vizuri kuliko mitambo tuliyokuwa nayo kituoni mwaka ule. Jumapili hii nenda kwa mzee wako. Usimhoji kama polisi, mwache aseme. Mwanzoni wewe mwenyewe taja jina lake, kijiji na tarehe, maana sauti isiyo na jina baada ya miaka 20 haimsaidii mtu. Iweke mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa simu huibwa na simu huanguka chooni. Na akiimba, msikilizaji, mwache amalize wimbo.

Wakati wa kudai vya wenzetu walivyovichukua upo, na nitaendelea kudai katika kipindi hiki. Ila nikiulizwa kule kwao, "Ninyi mlivyobaki navyo mmevifanyia nini?" ningependa niwe na jibu bora kuliko nililonalo leo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaheri.