Tumbo la uzazi likishuka
(Maneno tuliyosema mbele ya wanaushirika, Bengamisa)



Neno la leo halisemwi barabarani. Wamama watatu, kila mmoja kwa siku yake, walituvuta pembeni wakasema: kuna kitu kinatoka chini, nifanye namna gani? Kila mmoja alifikiri ni yeye peke yake.

Kinachotoka ni tumbo la uzazi. Si uchawi, na si adhabu ya uzinzi. (Wababa, hapo mutusikilize vizuri.) Tumbo hilo linashikwa na misuli na kamba za ndani. Zikilegea, linashuka. Zinalegea kwa kuzaa mara nyingi, kwa uchungu wa muda mrefu, kwa kusukuma mbele njia haijafunguka, kwa kikohozi kisichoisha, kwa uzee.

Na kwa mizigo. Mulirudi mukakuta nyumba zimeanguka, mashamba yamekuwa pori. Nani alibeba muhogo, maji na kuni? Mama mwenye mtoto wa wiki mbili, kitunga mgongoni, kamba kwenye kipaji. Baba mmoja alituambia bibi yake ana nguvu. Hatukubishana. Tulimwomba abebe kitunga kile kutoka shamba. Alikitua njiani mara mbili. Mama aliyezaa aachiwe mizigo mizito kwa wiki 6 hivi.

Dawa iko. Likishuka kidogo, mama akaze misuli ya chini kama anazuia mkojo, ahesabu mpaka 5, aachilie. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu, bila kuchoka. Likishuka zaidi, muganga anaweza kuweka pete laini ndani, inaitwa pesari, inayolishikilia. Inatolewa na kuoshwa kila miezi michache. Likitoka nje kabisa, mara nyingi ni kupasuliwa. Kuna kulirudisha na kulifunga, kuna kulitoa. Mama anayetaka bado kuzaa aseme mapema.

Musiingize majani wala unga wowote. Mkojo ukikataa kutoka, ama kidonda kikitoa damu, usingoje. Lakini mkojo unaotiririka wenyewe usiku na mchana unaweza kuwa ugonjwa mwingine, fistula. Nao unatibiwa.

Wengi wanatutajia Panzi, hospitali ya daktari Mukwege kule Bukavu. Ni kweli wanatibu magonjwa haya, lakini Bukavu ni mbali. Anza kwenye kituo cha afya, halafu hospitali ya zone. Wakikutuma Kisangani, ni kilomita karibu 50.

Hapo ndipo tuna ombi. Kese yenu inasaidia kilio na ugonjwa. Safari hii nayo muihesabu ugonjwa, na mama asilazimishwe kuutaja mbele ya mkutano. Karatasi ya muganga mikononi mwa mama mtunza kese itoshe.