Kijana Akizimia Akikimbia

Juma hili nazungumzia kasoro ya moyo ambayo mtu huzaliwa nayo, akaishi nayo miaka mingi akicheza na kukimbia, bila yeye wala wazazi wake kujua.

Tarehe 5 Januari, 1988, huko Pasadena, California, Pete Maravich, aliyekuwa nyota wa mpira wa kikapu Marekani, alianguka katika mchezo wa kujifurahisha, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 40. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alizaliwa bila mshipa wa kushoto wa kulisha moyo. Mshipa wa kulia ulibeba kazi ya miwili, naye alikuwa amecheza misimu 10 ya ligi kuu ya kulipwa.

Moyo nao hula. Hupata damu yake kwa mishipa miwili inayochipuka penye shina la mshipa mkuu, yaani aota. Kwa watu wachache mshipa mmoja huchipuka mahali pasipo pake, ukapita katikati ya aota na mshipa uendao mapafuni. Mtu akitulia, hakuna neno. Akikimbia, mshipa ule huweza kubanwa, moyo ukakosa damu saa ile ile unapoihitaji zaidi.

Kwa hiyo nasema: kijana anayezimia au kushikwa na maumivu ya kifua katikati ya mazoezi asiambiwe ana pepo, wala kwamba hakunywa chai asubuhi. Asirudi uwanjani kabla ya kuonwa na daktari wa moyo. Na kipimo cha umeme wa moyo kikitoka safi, tusishangilie mapema. Akiwa amelala kitandani, mara nyingi hakionyeshi kitu. Vyanzo vya mishipa hutafutwa kwa ultrasaundi ya moyo, na huonekana vizuri zaidi kwa CT skani ya mishipa.

Si kila mwenye kasoro hii hupasuliwa. Wengine hufuatiliwa tu. Lakini mshipa wa kushoto ukipita njia ile ya hatari, madaktari kwa kawaida hushauri upasuaji. Na mtoto mchanga anayetokwa jasho na kuhema kila anyonyapo apelekwe hospitali upesi; huenda mshipa wake umechipuka kwenye mshipa wa mapafu, na hapo upasuaji haungoji.

Walimu wa michezo, ninyi ndio mnaoona kwanza. Mwiteni mzazi siku ile ile. Kwaherini hadi juma lijalo.