Sheria Namba 12 Wameikumbuka, Namba 13 Wameisahau

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa chama wa Kilosa na Mikumi. Tunayaweka hapa kwa makamanda ambao hawakuwepo.)

Wengine mmetoka Kimamba, wengine Tindiga, wengine mmepanda bodaboda kutoka kule Parakuyo. Karibuni Mikumi.

Nimeombwa niongelee hereni za ng'ombe. Najua humu ndani kuna watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima, na mkitoka hapa sio wote mtakaokunywa chai meza moja. Kwa hiyo nitaongea na pande zote mbili. Naomba mnisikilize mpaka mwisho ndio mgune.

Tuanze na sheria yenyewe. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria mbili za mifugo, namba zake zinafuatana. Namba 12 ni ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Namba 13 ni ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo. Yaani ni pacha. Ya kwanza inasema ng'ombe wako lazima aandikishwe, awekewe alama na ajulikane anakokwenda. Ya pili inahusu huyo ng'ombe atakula wapi.

Sasa niwaulize. Nani humu amewahi kuona kampeni ya kitaifa ya Namba 13? Yenye waziri, yenye tarehe ya mwisho, yenye vitisho vya kukamatwa? Nyoosheni mikono. Sioni hata mmoja.

Lakini Namba 12 tunaijua wote. Mwaka 2017 ilikuja kampeni ya chapa. Ng'ombe wakachomwa moto, tarehe ya mwisho ikawekwa, ikafika, ikasogezwa. Wafugaji wakalipa, wakatii. Mwaka 2021 tukaambiwa chapa inaharibu ngozi, sasa ni hereni za kielektroniki. Ng'ombe na punda shilingi 1,750, mbuzi na kondoo shilingi 1,000. Yule yule aliyelipia chapa akaambiwa atoe tena.

Piga hesabu na mimi. Mzee ana ng'ombe 80 na mbuzi 100. Ng'ombe ni 140,000, mbuzi ni 100,000. Jumla 240,000, na hapo hajanunua dawa ya kupe, hajalipa ushuru wa mnada, hajakata kibali cha kusafirisha. Nchi nzima tuna ng'ombe zaidi ya milioni 35. Zidisha kwa 1,750, unapata zaidi ya shilingi bilioni 61 kutoka mifukoni mwa wafugaji, kwa ng'ombe peke yao.

Wafugaji walilalamika. Walisema bei ni kubwa, walisema hereni zinang'oka, walisema hawajaelimishwa. Kelele zikafika bungeni, na mwaka 2022 Waziri Mkuu akalisitisha zoezi. Hilo mlikumbuke. Halikusitishwa kwa huruma ya mtu. Lilisitishwa kwa sababu watu walikataa kunyamaza.

Juni 2025 limerudi kwa sura nyingine. Rais alizindua Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi kwa pamoja, safari hii kukiwa na ruzuku ya chanjo. Sasa wenzetu wa upande wa pili wanasema: mlilalamikia bei, tumewapunguzia, mnataka nini tena?

Swali zuri, nitalijibu. Ila kwanza tuwe wakweli. Mimi sipingi chanjo. Ng'ombe akichanjwa homa ya mapafu, kapona mfugaji na kapona jirani yake. Sipingi pia kwamba alama inasaidia ng'ombe akiibwa. Wamasai, Wabarabaig, Wasukuma wote wana alama zao tangu mababu, hamna aliyewafundisha. Na ni kweli ukitaka kuuza nyama Ulaya, mnunuzi anataka kujua ng'ombe katoka wapi. Botswana wamejenga mfumo wao kwa ajili ya soko hilo. Nani atakwambia hayo ni mabaya?

Tunachopinga ni neno "lazima" kwa mtu ambaye serikali haijatimiza lazima yake kwake.

Angalieni wilaya yetu hii. Desemba 8, 2000, pale Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa. Thelathini na nane. Kuna watu humu walizaliwa baada ya siku ile na bado wanaishi na jeraha lake. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa, watu wakapoteza ng'ombe, familia zikatawanyika. Mabwegere, kijiji cha wafugaji kilichosajiliwa, mgogoro wake wa mpaka ulifika mpaka Mahakama ya Rufani. Niambieni, katika hayo yote, kuna mahali tatizo lilikuwa kwamba ng'ombe hajulikani ni wa nani? Tatizo lilikuwa ardhi ni ya nani, mpaka uko wapi, na maji ya mto nani anayafikia kiangazi. Hereni haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Ndugu yangu mkulima, najua unachofikiria. Unasema, hereni itanisaidia kumjua mwenye ng'ombe waliokula mahindi yangu. Nakuelewa, shamba ni jasho lako. Lakini tuambizane ukweli. Ng'ombe wakila shamba lako Tindiga, huwa humjui mwenye nao? Unamjua kwa jina, unamjua mpaka kijana anayewachunga. Kesi yako haifi kwa kukosa jina. Inafia ofisini, mezani, pale bahasha inapopita. Halafu hereni ya kielektroniki inasomwa na mashine. Wewe unayo hiyo mashine? Anayo mtu wa ofisini. Kwa hiyo utarudi kwa yule yule aliyeizika kesi yako, umuombe akusomee sikio la ng'ombe.

Sasa njooni hapa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ipo tangu 1964, na mnajua mfugaji akikutwa ndani yake kinachompata. Wafugaji wanaokamatwa hifadhini wamekuwa wakitozwa 100,000 kwa kila ng'ombe. Mzee wetu wa ng'ombe 80, siku moja ya ukame, ni milioni nane. Anauza nusu ya zizi ili akomboe nusu iliyobaki. Sisemi watu wachunge hifadhini. Nasema kijiji ambacho hakijatengewa malisho, kimebanwa na hifadhi huku na mashamba kule, ukikiletea daftari la ng'ombe wote na majina ya wenye nao, ni haki yake kuuliza daftari hilo litatumikaje.

Na hapo ndipo ruzuku haitoshi kuwa jibu. Hata hereni ikiwa bure, bado nitauliza: taarifa zangu anazishika nani? Halmashauri inaziona? Askari wa hifadhi je? Kesho watasema kijiji hiki kina ng'ombe wengi kuliko uwezo wa ardhi, punguzeni? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina la mfugaji, mahali anapoishi na idadi ya mali yake ni taarifa binafsi. Mfugaji ana haki ya kuambiwa zinachukuliwa kwa kazi gani. Mmeshasikia mtu anaelezwa hivyo kwenye mkutano wa kijiji kabla ya ng'ombe wake kutobolewa sikio?

Msidhani ni sisi tu tunaouliza. Marekani, nchi yenye kila mashine, walikuja na mfumo wa kitaifa wa kutambua mifugo. Wafugaji wadogo wakaukataa, na Februari 2010 wizara yao ya kilimo ikauacha. Baadaye walirudi kwa njia nyembamba zaidi: tangu Novemba 2024 hereni za kielektroniki ni lazima kwa aina fulani tu za ng'ombe wanaovuka mipaka ya majimbo, na serikali ilitenga fedha za kugawa hereni. Kwa hiyo serikali inaweza kusikiliza, ikapunguza, ikalipa. Kusikiliza hakujawahi kuangusha nchi.

Basi msimamo wetu kama vijana uwe huu. Moja, utambuzi uwe wa hiari mpaka kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi wenye malisho yaliyotengwa na mipaka inayoheshimiwa. Namba 13 itangulie, Namba 12 ifuate. Mbili, chanjo isifungwe na hereni. Mfugaji asinyimwe chanjo kwa sababu hajakubali kusajiliwa, maana ugonjwa hauulizi hereni. Tatu, iandikwe kwenye kanuni kwamba taarifa za usajili hazitatumika kumtoza faini wala kumhamisha mtu. Nne, aliyelipia chapa na hereni asilipie tena.

Na kazi yenu kuanzia kesho ni hii. Msigombane na afisa mifugo, yule katumwa, na mara nyingi hata mafuta ya pikipiki anajinunulia. Msing'oe hereni zilizokwisha wekwa, mtawapa sababu ya kuwakamata. Nendeni mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni ajenda mbili: mpango wa ardhi na usajili wa mifugo. Takeni majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mtu akitozwa pesa, adai risiti, aitunze. Tuleteeni hizo risiti, tuzikusanye kijiji kwa kijiji, tuone nani kalipa nini na mara ngapi.

Na nyie watoto wa wakulima, nendeni pamoja na watoto wa wafugaji. Malisho yakipimwa, shamba lako nalo limepimwa. Mpaka ni mmoja, una pande mbili. Wametutawala kwa muda mrefu kwa sababu tukigombana sisi, wao wanaitwa kusuluhisha, na kila suluhu ina bei yake.

Nimesema nitaongea na wote, nimeongea. Sasa guneni, ulizeni maswali, nipo.