Usafi wa Upasuaji Hauishii Mlangoni



Vita vya Krimea vilidhihirisha kwamba maradhi huua askari wengi kuliko silaha. Kwa sababu hiyo, mwaka 1865 ilifunguliwa hapa Woolwich Hospitali ya Royal Herbert. Kwa kufuata mawazo ya Florence Nightingale, wodi zake zilijengwa zikiwa zimetengana, zenye madirisha pande zote mbili, ili hewa safi na mwanga vipenye. Miaka miwili baadaye, mpasuaji Joseph Lister alieleza jinsi asidi ya kaboliki inavyozuia majeraha yasioze.

Leo hewa ya chumba cha upasuaji huchujwa, na vyombo hutakaswa kwa mvuke wa nyuzijoto 134. Hata hivyo, ngozi ya mgonjwa mwenyewe hubeba vijidudu, na kidonda humalizia kupona nyumbani. Hapo ndipo jamaa wanapopokea kazi.

Mgonjwa aoge kwa sabuni siku ya upasuaji au siku iliyotangulia. Asinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, kwani mikwaruzo midogo huvifungulia vijidudu njia. Ikilazimu, wahudumu watapunguza nywele kwa mashine.

Desturi ya kumjulia hali mgonjwa ni njema. Lakini aliyeharisha au kutapika asubiri saa 48 baada ya kupona. Kwa sasa atume salamu. Kila mgeni anawe mikono aingiapo na atokapo wodini, asikalie kitanda, wala asiguse bendeji. Mgonjwa naye ana haki ya kumwuliza daktari au muuguzi kama amenawa mikono. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Nyumbani, kidonda kisipakwe asali, mafuta wala dawa ya miti shamba bila ushauri wa muuguzi. Kikizidi wekundu, kikivimba, kikitoa usaha au harufu mbaya, au homa ikipanda, isingojwe siku ya miadi. Familia iwasiliane na wodi au daktari wake, au ipige simu namba 111, saa yoyote, na kuomba mkalimani bila malipo. Mgonjwa akipumua kwa shida au akichanganyikiwa, ipigwe 999 mara moja.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kusumbua watu. Wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humwumbua.