Mkahawa Haungoji Mkutano

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kutaja kahawa tuliyouza na maghala tuliyojenga katika miaka hii kumi. Mimi napenda kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa laweza kuharibu hesabu zote, nalo ni mabadiliko ya tabianchi.

Sisi tukaao katika miteremko ya Kilimanjaro twaiona barafu ya Kibo ikipungua. Mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12. Kufika mwaka 2011 hazikusalia hata 2. Wengi husema barafu ikiisha mito nayo itakauka. Lakini wataalamu waliouchunguza mlima wametuonyesha kwamba maji yetu hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu. Barafu hatuwezi kuirudisha. Msitu twaweza kuulinda, hasa na moto kama ule wa Oktoba 2020.

Joto nalo lina gharama yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 juu ya kahawa ya arabika hapa Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno hupungua kwa kilo 137 hivi katika kila hekta. Kwa mkulima mdogo, hiyo ni karo ya mtoto.

Sasa niliseme wazi linalosemwa vijiweni. Wanachama wanauliza: "Kwa nini tukatwe fedha katika kila kilo kwa ajili ya vitalu vya miche, hali joto hili limeletwa na viwanda vya wengine?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kubezwa. Katika hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi ulimwenguni, Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5. Mataifa yenyewe yalikubali huko Sharm el-Sheikh, mwaka 2022, kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara. Dai hilo tusiliache. Tulipeleke Serikalini kwa sauti moja.

Lakini, ndugu zangu, mkahawa haungoji mkutano. Mche upandwao leo huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na mti wa kivuli huchukua zaidi. Mtu aliyetobolewa paa na jirani humdai jirani, lakini mvua ikikaribia huezeka kwanza.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, vitalu vya miche ya aina bora zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Lyamungo. Miche hiyo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Tusidhani kwamba yatosha kuzuia joto. Ndiyo maana jambo la pili ni miti ya kivuli: mifuruanje na miringaringa ambayo wazee wetu waliiacha vihambani, nasi tumeikata kwa mbao. Tatu, kuitengeneza mifereji yetu ya asili na kugawana maji kwa zamu, ili aliye chini apate kama aliye juu.

Fedha zitakazokatwa ziwe na kitabu chake, kisomwe mbele ya wanachama katika kila mkutano mkuu. Shilingi isiyojulikana ilikokwenda huua chama upesi kuliko ukame.

Uamuzi ni wenu, si wa ofisi. Anayepinga na aseme, anayekubali na aseme, kisha tupige kura; na litakalopita tulifanye sote kwa mkono mmoja. Chama hiki kilianzishwa kwa sababu mkulima mmoja peke yake hakuweza kupambana na bei. Peke yake hataweza kupambana na jua.