Nani Mlinzi wa Hewa Arua na Koboko?

Askari wa jeshi na wa polisi, mlio kambini na mlio zamu barabarani, maelezo yetu ya jioni hii yanahusu kazi isiyo na sare wala bunduki. Ni kazi ya afisa wa serikali ya mitaa aliyepewa dhamana ya kuhakikisha kwamba sheria za usafi wa hewa zinafuatwa. Katika miji mikubwa ya ng'ambo afisa huyo ni mkuu wa idara nzima, mwenye wakaguzi, maabara na mwanasheria wake. Arua na Koboko mzigo huo humwangukia afisa mazingira, mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo anangojwa na kesi ya kinamasi kilicholimwa, ya msitu uliokatwa na ya mchanga uliochimbwa bila ruhusa. Hewa huwa ya mwisho katika orodha yake. Haina mpaka unaoonekana, wala hakuna mlalamikaji anayekuja ofisini kudai kwamba ameibiwa hewa.

Hata hivyo hewa chafu huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa, ya nje na ya jikoni, unawaondoa duniani watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Kinachoua hasa ni chembe laini zilizomo ndani ya moshi na vumbi, nyembamba kuliko unywele kwa kiasi cha mara 30, ambazo hupita puani bila kuzuiliwa, zikashuka mapafuni na hata kuingia katika damu. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Ndiyo maana kazi hii inahitaji mtu wa kuifanya kwa cheo, si kwa hisani.

Tuitazame barabara itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko, hadi Oraba mpakani na Sudan Kusini. Ilipokuwa ya murram, vumbi lake lilikuwa posho ya kila siku ya waliokaa kando yake. Kilomita zake 92 zilipotiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, vumbi lilipungua, ila malori yaliendelea kusimama mpakani huku injini zikinguruma. Petroli yenye risasi, yaani risasi ya madini na si ile mnayoijua ninyi, iliondolewa Uganda mwaka 2006. Mwaka 2018 sheria ikakataza kuingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Lakini gari lililoingia kabla ya hapo halikuzuiwa kutembea, na kwa miaka mingi pikipiki na magari ya West Nile yalinyweshwa mafuta ya magendo kutoka Kongo, yaliyouzwa kwa mitungi kando ya njia na vijana waliojulikana kwa jina la Opec. Wengi wenu mliwafukuza vijana hao, na wengine wenu, tuseme kweli, mlijaza kwao.

Umeme wa gridi ya taifa uliifikia West Nile mwaka 2024. Kabla ya hapo mji ulitegemea bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, mitambo ya dizeli, na majenereta yaliyonguruma milangoni pa maduka. Ongeza matanuri ya matofali yanayochomwa kwa magogo, mabanda ya kukaushia tumbaku, jaa la takataka linalofuka usiku, na nyasi zinazowashwa kiangazi kwa ajili ya shamba au uwindaji. Hapo ndipo afisa mazingira anapoanzia kazi yake: kujua kila chanzo cha moshi katika eneo lake, kukiandika daftarini, na kujua upepo hukipeleka moshi huo kwa nani.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku tano, hata askari wa barabarani wakashika mienge ili madereva wawaone. Watu wasiopungua 4,000 walikufa. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, ikazipa halmashauri za miji uwezo wa kutangaza maeneo ambamo moshi hauruhusiwi. Tangu hapo mkaguzi wa moshi wa halmashauri akawa mtu wa kuheshimiwa. Inafaa tukumbuke kwamba heshima hiyo ilinunuliwa kwa makaburi.

Sisi sheria tunazo. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inampa mkaguzi wa mazingira uwezo wa kuingia mahali, kukagua, kuchukua sampuli na kuamuru marekebisho. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2024. Na askari wa siku nyingi watakumbuka kwamba uchomaji wa nyasi bila idhini ulipigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1974. Ni miaka hamsini sasa, na kila kiangazi vilima vinawaka.

Basi afisa mwenye cheo hicho afanye nini? Kwanza, kazi yake hutangulia moshi. Mtu anapoleta ramani ya kiwanda au ya tanuri la mikate, afisa anauliza bomba litakuwa wapi, litapanda juu kiasi gani, na shule ya jirani iko upande gani wa upepo. Swali moja lililoulizwa mapema huokoa kesi ya miaka mitatu. Baadaye anakagua, anaonya kwa maandishi na kutoa muda wa kurekebisha. Mahakamani huenda mwisho, na huenda akiwa amejiandaa.

Na hapa ndipo anaposhindwa mara nyingi, na hapa ndipo kazi yake inapokutana na yenu. Mwizi wa ng'ombe hukamatwa na ng'ombe. Mchoma matairi hukamatwa na nini? Tuchukue mfano. Saa nane za usiku askari wa doria anaona moshi mweusi nyuma ya gereji moja mjini. Anajua ni matairi, maana harufu yake haifichiki. Anapita. Asubuhi wakazi wanalalamika kwamba watoto wamekohoa usiku kucha. Afisa mazingira anafika saa nne na kukuta majivu na nyaya, na mwenye gereji anaapa kwamba moto uliwashwa na wendawazimu. Ushahidi wote ulikuwa machoni pa askari yule, naye hakuandika neno.

Lau angeandika katika kitabu cha matukio saa aliyouona moshi na saa ulipokoma, rangi yake, upande wa upepo, kilichokuwa kikiungua, nani alikuwa karibu na moto na nani mwingine aliona, mwendesha mashtaka angekuwa na mahali pa kuanzia. Wala haihitajiki mashine ya thamani. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi Mfaransa, Maximilien Ringelmann, alibuni kadi yenye vivuli vilivyopangwa kutoka nambari 0, ambayo ni nyeupe, hadi nambari 5, ambayo ni nyeusi kabisa. Mkaguzi husimama mchana, jua likiwa mgongoni pake, akalinganisha moshi wa bomba na vivuli vya kadi na kuandika nambari. Kadi haipimi zile chembe laini tulizozitaja. Kwa hizo kuna vipimo vya elektroniki, na Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wake wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimeonyesha kwamba vipimo vya bei nafuu vinaweza kutengenezwa hapa hapa nyumbani. Lakini nambari iliyoandikwa na askari mwenye saa mkononi ni bora kuliko kumbukumbu ya mwezi mzima.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Nilipata kufika kituo kimoja, jina lake siliti, kuandika habari nyingine kabisa. Nyuma ya jengo palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mlikuwa mnaungua chupa za plastiki, betri kuukuu, viatu na makaratasi. Ukuta wa pili ulikuwa wa nyumba za familia za askari. Mama mmoja alikuwa akianua nguo za mtoto ili zisinuke moshi. Nilimuuliza afande aliyenipokea, akacheka, akasema shimo hilo lilikuwapo kabla yake.

Jeshi la Marekani nalo lilikuwa na mashimo kama hayo huko Iraq na Afghanistan, makubwa sana, yaliyochomwa kwa mafuta ya ndege. Askari wake walirudi nyumbani na maradhi ya kifua na ya saratani, wakadai kwa miaka mingi wakiambiwa kwamba hakuna uthibitisho. Agosti 2022 ndipo Marekani ilipotia saini sheria ya kuwatibu na kuwalipa. Lile ni taifa tajiri. Sisi tunaotuma vijana wetu Somalia tangu mwaka 2007 hatuna hazina ya namna hiyo, na shimo la takataka halibagui bendera.

Ni vigumu kwa afisa mazingira kulikagua shimo la kambini kama anavyokagua tanuri la matofali. Kambi ina lango na lango lina mlinzi. Kwa hiyo aliye ndani ya lango ndiye awe mkaguzi wa kwanza: atenge betri na plastiki, ahamishe shimo mbali na nyumba na upande unaokwenda upepo, na amwite afisa wa halmashauri kwa barua aje aone. Kamanda aliyefanya hivyo anaweza kumwamuru mwenye gereji bila kuona haya.

Tusisahau pia namna sheria inavyoweza kupotoshwa. Yule mama anayekaanga mihogo kwa kuni kando ya soko la Arua anatoa moshi, ni kweli, na yeye ndiye wa kwanza kuuvuta. Afisa mwenye busara humfikiria jiko linalotumia kuni kidogo na mahali penye upepo kabla ya kumfikiria hakimu. Itakuwa aibu kubwa ikiwa kanuni za mwaka 2024 zitageuka njia mpya ya askari kudai kitu kidogo kwa wauza chapati, huku lori linalotapika moshi kama tanuri likipita kizuizini kwa sababu mwenyewe anajulikana. Afisa akiona hivyo ana wajibu wa kusema, na mkuu wa polisi wa wilaya ana wajibu wa kumsikiliza.

Ipo kamati ya usalama ya wilaya, inayoongozwa na mkuu wa wilaya, ambamo jeshi na polisi huketi pamoja. Humo hujadiliwa silaha, wizi wa mifugo na mpaka. Hakuna sababu ya afisa mazingira wa Arua au wa Koboko kutokaribishwa humo mara moja kabla ya kiangazi, akaja na ramani yake ya matanuri, majaa na mbuga zinazochomwa, akaonyesha doria ipite wapi na iandike nini. Mikutano ya namna hiyo haigharimu hata lita moja ya dizeli. Kiangazi cha West Nile huanza Desemba. Barua ya mwaliko inaweza kuandikwa Novemba.