Fedha za Mtambwe Mkuu

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi za karne ya 11. Ni ndogo mno, lakini zina ufundi: upande mmoja jina la mtawala, kama Ali bin al-Hasan, wa pili, maneno ya kumtegemea Mungu, mara nyingi yenye kina kimoja na jina hilo.

Je, hili lamhusu vipi mchuuzi wa River Road, Nairobi? Noti ya zamani ya Kenya ya shilingi 1,000 ilikoma kutumika Septemba 30, 2019, ikabaki karatasi tu. Fedha haigeuki karatasi.

Wapo wanaoziona sarafu hizi kuwa pesa ya soko. Wengine, fahari ya mtawala. Wingi wake unaelekea sokoni. Swali ni hili: mnunuzi aliamini madini, au jina?